Mraba wa Majani wa Kocha Otmari

Juzi jirani yangu hapa mjini alileta kijana wa kufyeka nyasi za uani kwake. Kijana alifyeka asubuhi, akaziacha juani, na kufikia alasiri harufu ilikuwa imeingia mpaka sebuleni kwangu. Ni ile harufu ya majani yaliyokatwa ambayo si mabichi tena lakini hayajakauka. Moyo ulinipiga kwa nguvu, kisha ukatulia wenyewe, nikajikuta nacheka peke yangu huku nimeshika nguo niliyokuwa naikunja. Mwanangu akauliza, "Mama, unacheka nini?" Nikamwambia nimekumbuka siku bibi yake alipochimba uwanja wa watu kwa jembe. Alinitazama kama mtu anayefikiria kumpigia simu shangazi.

Wenzangu wa rika langu mliokulia huko milimani Umatengoni mtanielewa upesi. Wasiojua niwaeleze kidogo. Kwetu hatulimi matuta kama watu wa tambarare. Masika yakielekea ukingoni, mwanaume anafyeka majani, anayaacha yanyauke, kisha anayalaza chini kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unakuwa miraba. Mwanamke anafuata na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na udongo anaufunika juu ya majani. Katikati panabaki shimo, pembeni kingo, na juu ya kingo anapanda maharage. Hiyo ndiyo ngolo. Mvua inyeshe inavyotaka, udongo wako hauendi popote. Na ngolo zina adabu yake. Ukikuta majani yamelazwa kwa mistari shambani, ujue pale pana mwenyewe. Aliyelaza ni mume na atakayechimba ni mkewe, hata mtoto anayejifunza kusoma analijua hilo.

Mimi Skola wakati huo nilikuwa darasa la tatu, na baba yangu alikuwa ameshafariki. Tulibaki mimi na mama kwenye nyumba yetu ya matofali ya kuchoma, njia ya kwenda Mapera, tumezungukwa na mibuni na ndugu wa baba. Mama hakuwa Mmatengo. Alikuwa Mnyasa wa huko chini Mbamba Bay, mtoto wa wavuvi, Mwanglikana aliyebatizika upya moyoni, kama alivyopenda kusema, siku alipoonja kahawa ya mama mkwe wake. Baba alishuka ziwani kununua samaki akarudi na mke, na ukoo mzima haukuchoka kumtania kwa hilo. Maadamu baba alikuwepo, ulikuwa utani tu. Alipoondoka, utani ukabadilika sura. Baba Mdogo Kandidi, mdogo wake baba, alikuwa akisema, "Yule mama wa ziwani atarudi kwao tu. Ngojeni muone." Alilisema neno hilo mbele yangu akidhani mtoto hana masikio.

Nilikuwa nayo masikio, tena makubwa. Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na begi la bluu alilokuja nalo siku ya harusi. Mimi nikajiwekea akilini kwamba siku begi lile likitoka uvunguni, ndiyo tunafukuzwa. Kila Fuso la samaki lilipopanda kutoka ziwani likipiga honi barabarani, nilikimbia nyumbani kuchungulia uvunguni. Nilikuta begi lipo, limejaa vumbi, nikarudi zangu kucheza. Mama aliniuliza kwa nini nachafua magoti namna ile, nikamwambia natafuta kuku.

Sasa ndipo anapoingia Otmari. Alikuwa fundi viatu sokoni Mbinga, kapera, mrefu, mwenye kofia ya pama aliyoivaa kiangazi na masika. Ujana wake aliwahi kufanya kazi ya bustani kwenye shule moja Dar es Salaam, wakaja wageni kufundisha wanafunzi besiboli, naye akawa anaangalia akiwa na reki mkononi mpaka wakamwita acheze. Wenzake walirudi kutoka Dar na redio na magodoro. Otmari alirudi na glovu moja ya mkono wa kushoto. Mama yake, inasemekana, alilia.

Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Alikusanya watoto wa njia yetu akaanza kuwafundisha jioni baada ya kufunga kibanda chake. Kigongo cha kupigia alikichonga kwenye mti ule ule tunaochongea mpini wa jembe, na sisi tukakiita mpini. Glovu alizishona kwa ngozi za mabuti yaliyokufa. Mpira ulikuwa nyuzi za gunia zilizosokotwa na kufunikwa ngozi, na besi, vile vituo ambavyo mchezaji anavikimbilia, zilikuwa viroba vilivyojazwa makapi ya kahawa. Watu wazima walipita wakitikisa vichwa. "Huyu Otmari angeoa tu," walisema. Watoto walimwita Kocha, wakamfuata mpaka kibandani kwake, wakawa wanamshikia gundi ili amalize viatu upesi.

Walichezea uwanja wa shule hadi siku mpira ulipoingia ofisini kwa mwalimu mkuu bila kupitia mlangoni. Kioo kikavunjika, na besiboli ikapigwa marufuku pale shuleni. Nanyi mnaijua Mbinga. Ukiiondolea shule na kanisa, sehemu ya sawa utaipata wapi? Kila mahali ni mteremko, na kila mteremko una mtu. Kocha alizunguka na kofia yake akiuliza huku na huku, na kila alikouliza aliambiwa hapana. Bila kiwanja timu ilikuwa imekufa, na yeye alilijua hilo.

Jioni moja nikitoka kuchota maji, nilimwona Kocha Otmari kwenye shamba la baba. Lilikuwa lile la chini karibu na kijito, lenye mteremko mdogo kuliko yote ya ukoo. Halikuwa limelimwa tangu msiba, kwa kuwa mama alikuwa na kahawa ya kuhangaika nayo. Kocha alikuwa amefyeka. Alikuwa anavuta kamba, na kando ya kamba analaza majani, mstari umenyooka kweli kweli. Mistari minne ilifanya mraba mmoja mkubwa ajabu. Na ile harufu ikanijia puani.

Nilitua ndoo pale pale nikatimua mbio. "Mama! Mama! Kocha Otmari analaza majani kwenye shamba la baba!"

Mama alikuwa anachambua maharage ya mbegu. Aliuacha ungo, akaenda kusimama kwenye kona ya nyumba, akatazama kule chini kwa muda mrefu. "Mraba mkubwa hivyo," alisema polepole. "Anaanza na mipaka. Basi ndugu wa baba yako wamempa shamba."

Hakulia. Alirudi kwenye ungo wake akaendelea kuchambua. Mimi usiku ule nililala nimenyoosha mkono uvunguni, nimeshika mkanda wa begi ili lisiende mahali.

Kulipopambazuka, Kocha akiwa ameshakwenda zake kibandani, mama alichukua jembe. "Twende," akaniambia. "Kama majani yamelazwa, mimi ndiye nitakayeyachimbia. Wakija wakute pamelimwa, tuone watasema nini." Ngolo alifundishwa na mama mkwe wake alipokuja kuolewa, akachekwa sana, maana watu wa ziwani wanalima muhogo kwenye mchanga. Lakini siku ile hakuna aliyemcheka. Alianzia kwenye pembe ya chini ambapo mistari miwili ya Kocha ilikutana, akachukua majani yake yote ya upande huo, akayapanga upya miraba midogo midogo, akachimba. Alichimba kama mtu anayegombana na ardhi. Mimi nilifuata nyuma nikidondosha maharage kwenye kingo, nayo akayafukia.

Jua lilikuwa limeshapoa Kocha alipotokea, watoto nyuma yake wamebeba viroba vya makapi vichwani. Akasimama. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Mama Skola, pole na kazi."

"Asante."

"Umechimba hom," akasema.

"Nimechimba nini?"

"Hom. Pale mpigaji anaposimama."

"Otmari, nisikilize vizuri," mama alisema, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. "Mimi sijui hom. Mimi najua majani yalilazwa na mwanamke akachimba. Kama kuna mtu kakupa shamba la mume wangu, mlete hapa aniambie mwenyewe, macho kwa macho."

Mtoto mmoja mwenye kiroba kichwani akauliza, "Kocha, sasa besi tuziweke wapi?" Akaambiwa atulie kwanza. Na kwa bahati mbaya wakati huo huo wanawake walikuwa wanapita wametoka mashineni kusaga. Mmoja akaona majani, akamwona Otmari, akamwona mama na jembe. "Heee! Otmari kalaza, Mama Skola kachimba! Jamani, harusi lini na sisi tupike?" Wakaondoka wakicheka, na cheko lao likafika sokoni kabla yao.

Kwa Baba Mdogo Kandidi hiyo ilikuwa zawadi. Alikwenda moja kwa moja kwa Babu, baba yao, aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu, akasema kwamba mjane ameshaingiza mwanaume mwingine kwenye ardhi ya kaka yake, kwa hiyo sasa hakuna la kuongea tena, arudishwe kwao. Babu akamwambia maneno hayo ayalete kwenye sengu.

Sengu kwetu ni ukoo kukutana kwa Babu kula pamoja na kuzungumza mambo. Wengi walikuwa wameshaiacha, lakini Babu wetu hakutaka kusikia. Jumapili baada ya misa tulikusanyika, wanaume upande huu, wanawake na watoto upande ule, ugali unafuka moshi, maharage, na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, ambao mama aliupika kwa nyanya kama alivyofundishwa ziwani. "Kwanza tule," Babu alisema. Wote wakala. Mimi nilikaa na tonge langu mkononi hadi likapoa. Nilikuwa namtazama mama, nafikiria kama atanisubiri nichukue daftari zangu za shule au tutaondoka moja kwa moja.

Baba Mdogo alisema yake yote. Kisha Kocha aliitwa kutoka nje alikokuwa anangoja. Aliingia ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Otmari, yale majani umemlazia nani?"

"Watoto, Babu."

"Watoto gani? Wewe hata mmoja huna."

Watu wakacheka. Kocha akaomba magunzi ya mahindi, akachuchumaa katikati yetu akayapanga manne sakafuni. "Mtoto anasimama hapa na mpini," akasema, "anarushiwa mpira, anaupiga. Halafu anakimbia hapa, hapa, na hapa, anazunguka mpaka anarudi alipoanzia. Akirudi salama, timu inapata pointi."

Babu aliyatazama yale magunzi. "Anarudi pale pale alipoanzia?"

"Ndiyo, Babu."

"Sasa alikuwa anakwenda wapi?"

Nyumba nzima ilivunjika kwa kicheko, hata mama nikaona mabega yanamtikisika. Kocha naye akacheka, akaeleza kwamba uwanja huchorwa kwa chokaa, na yeye chokaa hana, akaona kamba na majani ni vitu anavyovijua tangu utoto. Hakufikiria ngolo kabisa. "Mimi kichwa changu chote kilikuwa besiboli," alisema. "Nisameheni."

"Na nani alikuambia uchore pale?"

Hapo Kocha alimgeukia Baba Mdogo bila hila yoyote, kama mtu anayeelekeza njia. "Nilimuuliza Kandidi. Akaniambia chora tu, pale hapana mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Babu akasema, "Kandidi, ulisema hivyo?"

"Nilimaanisha kwa sasa, Baba. Shamba limelala."

"Limelala," Babu alisema. Alijifuta mdomo kwa kiganja, taratibu. "Mimi nimelima mteremko huu tangu sijaota meno, sasa yameng'oka. Sijawahi kuona mtu anachimba ngolo kwa uchungu namna ile kwenye ardhi isiyo yake. Nilipita jana nikaangalia. Kingo zimekaa vizuri, maharage yamefukiwa. Otmari, wewe ulimuuliza mtu siye. Mwenyewe yule pale. Muulize."

Akaelekeza kidevu chake kwa mama.

Kocha alisimama. Alivuka sebule yote kutoka upande wa wanaume mpaka kwenye mkeka wa wanawake, akainama kidogo mbele ya mama yangu, mwanamke wa ziwani. "Mama Skola," akasema, "naomba sehemu ya shamba lako watoto wacheze."

Shamba lako. Alisema mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyekohoa wala kubisha. Niliangalia nyuso zote, moja moja, Baba Mdogo nikamwangalia mara mbili. Hakuna. Ndipo nikaelewa kwamba hatuendi popote. Sijawahi kusikia nafuu ya namna ile tena maishani, hata siku nilipojifungua salama. Nililitia lile tonge mdomoni, nikamega jingine, nikala usipa wote uliobaki mpaka shangazi akanipiga mkono.

Mama alijifunga kanga yake vizuri kwanza, alijua kufaidi. "Watoto wacheze," alisema mwishowe. "Lakini ngolo zangu sizifukii, nimeshapanda. Na Skola naye acheze."

"Hom tutaisogeza," Kocha akasema, na nikaona macho yake yamelowa.

Basi uwanja ukasogea hatua kadhaa juu, ngolo za mama zikabaki pembeni yake, na mashimo yale yakapenda mipira kuliko glovu zetu. Ikabidi tutunge sheria. Mpira ukiingia kwenye ngolo za Mama Skola, mpigaji anasimama besi ya pili, na hakuna mwenye ruhusa ya kuufuata isipokuwa mama mwenyewe. Alikaa pale na ungo wake, akachambua huku akipiga kelele, "Wewe! Maharage hayo!" na baada ya miezi michache kelele zake zikawa, "Wewe! Kimbia, unangoja nini?" Watoto walianza kuja kutoka Kitura, wakaja wa Mpepai na viroba vyao wenyewe. Kocha alishona glovu mpaka vidole vikaota sugu. Hata Baba Mdogo alileta makapi ya kahawa, akayamwaga, kisha akabaki kuangalia. Baadaye hakuna aliyebishana na mwamuzi kuliko yeye.

Mwaka uliofuata Kocha akapata watoto wa Mbamba Bay aliokuwa akiwafundisha kila aliposhuka kutafuta ngozi, akatupangia mechi nao. Tulikwenda na Fuso linaloshuka tupu kufuata samaki. Alfajiri ya siku hiyo nilimkuta mama amepiga magoti, anavuta begi la bluu kutoka uvunguni.

"Mama, tunarudi?"

"Turudi wapi? Viazi vyetu vya njiani hivi, na nguo yako ya kubadilisha. Shika huku tukung'ute vumbi."

Watoto wa ziwani walitufunga vibaya. Mpira haudundi mchangani, na kila uliporukia ziwani watoto wale waliogelea wakaurudisha wakati sisi bado tunavua viatu. Mjomba alikuja uwanjani na nguo zake za uvuvi, akamkumbatia mama, hakumwachia. "Dada, si ubaki sasa? Nyumbani ni hapa."

Mama alimshika shavu. "Nimekuja kuwasalimu, kaka," nilimsikia akisema. "Maharage yangu hayajapaliliwa."

Jioni tulipopanda gari, Kocha alisimama nyuma ya Fuso akaita majina, kila mtoto akaitika. Akafika mwisho. "Mama Skola?" Kimya. "Mama Skola yupo?" Dereva alikuwa ameshawasha injini. Nilisimama juu ya begi nikatazama ufukwe mzima, sioni kanga yake popote. Kocha aliweka mkono kwenye bodi la gari. "Zima kwanza," akamwambia dereva. "Haturudi pungufu."

Ndipo akatokea nyuma ya vibanda vya kuanikia samaki, anakimbia mchangani, mfuko wa usipa kichwani na kiatu kimoja mkononi. "Nipo!" anapiga kelele. "Nipo jamani! Msiniache!"

Kocha alimpa mkono akampandisha, timu nzima ikampigia makofi kama mtu aliyezunguka besi zote. "Mama Skola yupo," akasema. "Dereva, twende nyumbani." Nilijilaza juu ya begi la bluu, kichwa mapajani kwa mama, na wanasema nilikuwa nimeshakoroma kabla gari halijaanza kupanda mlima.